Mbuzi Asiyekutazama

Saa nne kasoro robo asubuhi, watu themanini na watatu walikuwa wamebanana kwenye ghorofa ya sita ya duka kubwa la mtaa wa Nihonbashi, miavuli ikiwachuruzikia viatuni, wote wanamtaka mbuzi mmoja.

Si mbuzi wa nyama. Alikuwa mbuzi jike wa mti wa kafuri, kimo chake kiunoni mwa mtu mzima, na Chizuru Nagakubo alimchonga kwa miezi saba. Wanyama wa Chizuru wana jambo lao: hawakutazami. Macho yao yanapita kidogo pembeni ya sikio lako, nawe unasogea huku, unasogea kule, unatafuta kutazamwa, na ukija kushtuka umeshamzunguka mara tatu na moyo umekwenda. Watu wazima wenye fedha zao wanaugua ugonjwa huo. Ndiyo maana wanyama hao hawauzwi kwa kushindana bei. Unajaza karatasi, kura inapigwa, mwenye bahati yake anachukua.

"Unanikanyaga," alisema mwanamke mmoja aliyevaa ovaroli ya buluu juu ya shati jeupe, vumbi la mbao limemganda kwenye nyusi.

"Samahani sana, dada." Kijana mwenye koti la mvua la kijivu aliruka pembeni. "Huyu mbuzi ananikwepa."

"Umemkosea nini?"

"Labda amejua nimekuja kwa nia mbaya." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mguu wa nyuma wa kushoto unamuuma. Ameshazoea, lakini unamuuma."

Mwanamke akamgeukia. Mbuzi wa kweli, wa jirani yao kule Nagano, alikuwa na mguu huo huo, na asubuhi nzima hakuna mtu aliyeuona.

"Wewe ni daktari wa mifugo?"

"Narekebisha sauti za piano. Naitwa Kunihiro Tadokoro. Nawe unafanya kazi hapa dukani?"

"Huyo nimemchonga mimi."

Kunihiro akaiva uso kwa haya mpaka masikioni, na Chizuru akapenda alivyoiva. Dakika kumi baadaye kura ikapigwa, ikaangukia namba ya Kunihiro.

Usimshangilie mapema. Kunihiro hakuja pale kwa ajili yake mwenyewe. Alitumwa na Hirukawa, mfanyabiashara wa sanaa, ambaye kila kura huwapeleka watu sita kwa majina yao, ili mmoja akipata, yeye amchukue mnyama na kumuuza kwingine kwa bei mara tatu. Kunihiro ndiye anayemtunzia Hirukawa piano zake miaka yote, na kumwambia mteja wa zamani "hapana" usoni kulimshinda. Aibu hiyo imewaponza wengi mjini humu, wala sijui itakwisha lini.

Sasa, mnyama wa Chizuru haondoki bila sanduku lake la mbao nyepesi, na mchongaji lazima aandike kwa brashi, kwa mkono wake, juu ya kifuniko. Bila maandishi hayo, wakusanyaji wanamwona gogo lenye pembe. Chizuru alisema kifuniko kitachukua wiki mbili. Zikapita nane.

"Njoo karakanani Alhamisi," alikuwa akimwambia Kunihiro kwenye simu.

"Kifuniko tayari?"

"Bado. Mvua hizi, ubao unanyonya maji. Ila kuna tambi."

"Basi nakuja kula tambi."

"Unakuja kumwona mbuzi wako, bwana. Usijipendekeze."

"Mbuzi hanitazami. Kuna mtu mwingine pale ndiye ananitazama."

"Nani huyo? Nitajie nimfukuze, mimi nina wivu."

Kunihiro anakata simu anacheka peke yake, na kabla kicheko hakijaisha, inaita nyingine.

"Tadokoro! Mteja wangu wa Osaka ananitafuna masikio. Mbuzi yuko wapi?"

"Wino bado, bwana Hirukawa."

Chizuru alichelewesha kifuniko ili Kunihiro aendelee kuja. Kunihiro hakumhimiza, kwa sababu siku ya kifuniko ndiyo siku ya kusema kweli. Kila Alhamisi aliapa kusema. Kila Alhamisi Chizuru alimwekea tambi baridi, akamtoa uzi wa maranda kwenye kola, akamwita Kuni, na Kunihiro akala kimya kama mtoto aliyevunja kitu.

Jumamosi moja ya Agosti, saa tano asubuhi, nyenje wanapiga kelele barabara nzima, simu yake ikaita.

"Kunihiro." Hakumwita Kuni.

"Mpenzi, nilikuwa nataka..."

"Hirukawa ni nani?"

Kunihiro akakaa kwenye kiti cha piano ya watu aliyokuwa akiirekebisha.

"Amekaa hapa kwenye karakana yangu, anakunywa chai yangu ya shayiri. Anasema amechoka kusubiri, amekuja kumchukua mbuzi wake. Eti ulimshikia nafasi."

"Chizuru, nisikilize."

"Wiki nane nakupikia! Wiki nane nakufulia mpaka leso! Kumbe unanibembeleza nikuandikie kifuniko?"

"Ningekitaka ningekuhimiza. Nilikuhimiza siku gani?"

Akamsikia akivuta pumzi.

"Njoo useme mbele yake." Simu ikakatika.

Alikimbia kutoka stesheni ya Kiyosumi mpaka karakana, shati limemganda mgongoni. Mbuzi alikuwa amesimama katikati ya chumba. Hirukawa, na suti yake ya kitani, alikuwa akijipepea. Chizuru alikuwa amevaa gauni la rangi ya nili, kitambaa kichwani, macho mekundu. Mbele yake palikuwa na kifuniko kitupu na wino wa kijiti uliokwisha kusagwa kwa maji.

"Afadhali umefika," alisema Hirukawa. "Bi Nagakubo aandike tuondoke. Gari liko nje."

"Simtoi, bwana Hirukawa."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, nami navunja. Nisamehe." Kunihiro aliinama mpaka paji la uso likakaribia magoti. "Nitamlipia mwenyewe, nitakaa naye mwenyewe."

Hirukawa akacheka. "Wote husema hivyo. Miaka miwili bei ikipanda, utaniletea mwenyewe mlangoni."

Chizuru akamgeukia Kunihiro. "Jibu. Nitajuaje kama hutamuuza?"

"Andika jina langu kwenye kifuniko. Andika 'Kwa Kunihiro'."

Pepeo la Hirukawa likasimama. "Una wazimu wewe? Bi Nagakubo, usithubutu! Jina la mtu likikaa pale hakuna mkusanyaji atakayemgusa. Hata mimi simchukui, hata bure!"

"Ndiyo maana nasema aandike."

"Wino ukizama kwenye ubao huu haufutiki," alisema Chizuru polepole. "Na nikikufukuza leo hii? Utabaki na mbuzi asiyeuzika maisha yako yote."

"Nitabaki naye. Aliyekukosea ni mimi, yeye hana kosa."

Chizuru akachovya brashi. Kisha akaandika jina la mbuzi, akaandika lake la uchongaji, akaandika "Kwa Kunihiro". Hirukawa akasimama, akakung'uta maranda kwenye suruali, akatoka bila kuaga. Gari likasikika likiondoka.

Kunihiro aliinamia kifuniko. Jina lake lilikuwa limesukumwa kulia kabisa, karibu na ukingo.

"Mbona umenibana huku pembeni?"

"Nimeacha nafasi ya mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Mjinga wewe." Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta. "Usifikiri nimekusamehe. Nina hasira na wewe, Kuni, hasira ya mwaka mzima. Jina hilo la pili, langu, nitaliandika hasira ikiisha."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi haondoki hapa. Ukimtaka, hamia alipo."

Kunihiro, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, akakaa chini kwenye maranda akalia.