Nguruwe wa Sherehe ya Toreka

Kwetu Kiribati, mtoto akitimiza mwaka mmoja, kijiji kizima hula. Sherehe hiyo haina mchezo. Watu huanza kufuga nguruwe mtoto akiwa bado tumboni.

Kaitira, jirani yangu, alifuga watatu. Aliwafunga kwenye mnazi ulio karibu na kisima, ili asihangaike kubeba maji ya kuwanywesha. Kila asubuhi mumewe, Tiaon, alipanda minazi kugema tembo. Kaitira alichota maji, akapika wali na samaki, akawaogesha watoto. Mkubwa alikuwa Rotia, wa miaka minne. Mdogo alikuwa Toreka, na sherehe ilikuwa yake.

"Hao wamenona!" nilimwambia siku moja nikipita. "Mimi nimeshachagua paja langu."

"Wewe Akineti, kazi yako kula tu," alinijibu, akicheka.

Mimi ndiye mfanyakazi wa maji hapa kijijini, ninayekagua visima. Niliwaona wale nguruwe. Nilikiona na kisima. Nilijua ubaya wa ukaribu huo, lakini sikusema neno. Nani anataka kumharibia mama sherehe ya mwanawe?

Toreka alikufa akiwa na miezi kumi. Aliharisha siku tatu tu. Tulimzika, na baba yake akapanga mawe meupe juu ya kaburi. Yalikuwa mawe machache, maana kaburi lilikuwa dogo.

Wiki tatu baadaye Tiaon alikuja kwangu mbio.

"Shemeji, njoo. Rotia naye."

Nilimkuta mtoto amelala mkekani, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Bibi yake, Meere, alikuwa ameficha kikombe nyuma ya mgongo.

"Msimpe maji!" alisema. "Akinywa yanatoka. Mnayamwaga bure."

"Hapana, Bibi. Hayo yanayotoka ndiyo yanayommaliza. Lazima tuyarudishe."

"Toreka pia nilimnyima," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akanipa kikombe.

Tulichemsha maji, tukayaacha yapoe. Katika lita moja nilitia vijiko vidogo sita vya sukari, nikavisawazisha kwa kisu. Nikatia na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kaitira alimnywesha mtoto kijiko kimoja kimoja. Akitapika, tulingoja kidogo, tukaanza tena. Tiaon aliazima pikipiki, akatupeleka kwenye zahanati, na njiani mama hakuacha kunywesha.

Muuguzi alimpima Rotia, akampa vidonge vya zinki. "Mmefanya vizuri kumnywesha," alisema. "Mngechelewa, tungekuwa tunasema mengine."

Siku ya pili Rotia aliomba samaki. Kaitira alilia mpaka akakaa chini.

Tuliporudi nyumbani, aliniuliza, "Maradhi haya yanatoka wapi?"

Ningeweza kukwepa. Sikukwepa tena.

"Visiwa vyetu ni thelathini na vitatu, Kaitira, na vyote havina mto. Maji yetu ni ya mvua. Mvua inazama mchangani na kukaa chini yetu, juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi. Safu yenyewe ni nyembamba, na iko karibu sana. Ndiyo maana kisima chako hakimfiki mtu kichwani."

"Na uchafu wa nguruwe?"

"Unazama njia hiyo hiyo. Mchanga wetu hauwezi kuuzuia. Ukimwaga kitu hapa, kesho unakichota pale."

Kaitira aliinuka. Alitembea kutoka kwenye mnazi hadi kisimani, akihesabu hatua. Zilikuwa nane.

"Nilimpa mimi," alisema. "Kwa mkono wangu."

"Ulimpa maji. Hukujua. Mimi nilijua, nikanyamaza."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alinigeuzia mgongo. Tangu siku hiyo hakunisemesha, na sikumlaumu.

Lakini kazi ilifanyika. Tiaon alijenga banda upande wa bahari kuu, hatua themanini kutoka kisimani, akawahamishia nguruwe huko. Alijenga ukuta mfupi kuzunguka kisima, akakitia kifuniko cha mbao na ndoo moja ya kuchotea, inayotundikwa isiguse ardhi. Aliweka mfereji wa bati kwenye paa ili mvua iingie kwenye tangi. Bibi Meere ndiye mlinzi wa birika. Maji yasiyochemka hayanywewi nyumba ile, hata mgeni akilalamika. Rotia hajaharisha tena. Amenenepa, na ana mdomo kama bibi yake.

Mwezi uliopita nilisimama nje kwa Terubea, jirani yetu mwingine. Ana mtoto wa miezi sita. Nguruwe wawili walikuwa wamefungwa kando ya kisima chake. Nilikuwa nikitafuta maneno matamu ya kuanzia. Kaitira alipita na mzigo wa kuni, akaona ninachokitazama.

"Umeshamwambia?" aliniuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miezi miwili.

"Bado."

Alitua kuni, akaingia uani.

"Mama Rotia, karibu!" alisema Terubea. "Umekuja kunihesabia nguruwe?"

"Wahamishe leo. Wanaharibu maji."

"He! Umeamkia upande gani? Hao ni wa sherehe ya mwanangu."

"Wangu pia walikuwa wa sherehe," alisema Kaitira.

Kaitira aliinama, akaanza kufungua kamba. Fundo lilikuwa gumu. Terubea alimlaza mtoto mkekani, akaja kufungua kamba ya pili.