Mgeni Ndiye Hungoja Desemba

"Julai? Fesaitu, nani mwenye akili zake anakwenda Rotuma Julai?"

"Julai machungwa yameiva. Na meli inakuwa tupu, mtu analala anavyotaka."

"Nimekwambia nina hamu ya machungwa?"

Torika aligeuza samaki kikaangoni kwa hasira mpaka mafuta yakamrukia mkononi. Miaka saba alikuwa anaishi Suva na mume wake huyu, seremala mwenye mikono mizuri na ulimi mzito, na miaka yote saba hajakanyaga Rotuma, kisiwani kwao. Kila Desemba aliwasindikiza wenzake bandarini na mikeka yao na mabegi yao, kisha anarudi nyumbani na kujifanya ana mafua.

Hamu yake ilikuwa ya Desemba, na alikuwa na sababu. Desemba ndiyo wakati wa fara, vijana na wazee wanapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kucheza. Wakiketi kwenye mkeka mbele ya nyumba yako, hata uwe na kisirani namna gani, lazima utoke uwapulizie marashi shingoni na kuwapaka poda. Huchagui huyu wala yule. Torika alikwishapanga moyoni: atajichanganya na waimbaji, ataketi mbele ya nyumba ya baba yake, na mzee Marseu, ambaye hajapokea simu yake hata moja tangu aondoke, itabidi atoke na ile poda.

"Desemba siendi, Tori."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

"Nenda. Ila mimi kwenye ule mkeka sikai tena."

Wote wawili walijua ni mkeka gani. Miaka saba nyuma Fesaitu aliuketia, akaimba kwa sauti yake nzuri, na mzee Marseu kwa mkono wake mwenyewe akampulizia marashi. Fara haijaisha vizuri, meli ikaondoka na Fesaitu, na binti wa mzee yumo ndani. Hakuna aliyeombwa wala aliyeagwa.

Torika alisikia jibu lile kwa namna moja tu, kwamba mwanamume huyu ananionea haya na amenichoka. Walilala wamepeana migongo. Wiki ile ile Fesaitu akasema amepata kazi ya kuezeka nyumba Labasa, akafunga begi, akaondoka. Torika hakumsindikiza hata mlangoni, na alipobaki peke yake akalia juu ya mashati ya mumewe.

Siku ya tatu simu ikalia. Ujumbe wa Akanisi, binamu yake aliyeko kisiwani, mtu asiyeweza kukaa na jambo, ambaye Torika alikuwa amemwambia habari za Labasa:

"Dada, siku hizi Labasa imehamia Oinafa? Shemeji alishuka melini hapa jana, peke yake."

Torika alipiga papo hapo.

"Yuko na nani?"

"Na nguruwe."

"Akanisi, sitaki mchezo."

"Sichezi. Nguruwe mzima, ameokwa na ndugu zake usiku kucha, na mizizi ya kava, ya kinywaji cha heshima. Wamembebea mpaka kwenu. Sasa ameketi uwanjani, mvua inamnyeshea." Akanisi akashusha sauti. "Tori, amevaa majani shingoni."

Torika akaketi sakafuni. Majani mabichi shingoni si pambo. Zamani yalivaliwa na mtu aliyemwaga damu, anayekuja mwenyewe kwa aliowakosea na kusema, nimefika, nifanyeni mpendavyo. Na Fesaitu asingeweza kuyavaa Desemba, maana Desemba ni wakati wa mchezo na kicheko, na radhi iliyoombwa katikati ya kicheko ni mzaha. Ndiyo maana alishikilia Julai yake, bubu yule, asiseme kitu.

"Baba ametoka?"

"Hajatoka. Mlango umefungwa."

"Usikate simu."

Hakukata. Torika alisikiliza mvua ya kwao ikipiga mabati, jogoo wa mtu, mtoto akiitwa ndani. Miaka saba hakuwa amesikia mvua ile. Akaomba Mungu, na katikati ya kuomba akajilaumu kwa usiku ule wa kumpa mgongo.

"Mlango," Akanisi akanong'ona. "Ametoka. Anashuka ngazi. Ee, Tori, mzee amezeeka. Amesimama mbele yake... Anamvua majani. Anamvua, dada, anamshika mkono anyanyuke."

Torika akasikia nyayo kwenye matope, simu ikikabidhiwa, kisha pumzi nzito aliyoijua kabla haijasema neno.

"Torika."

"Abee, baba."

"Huyu mtu wako analowa tangu asubuhi. Nimemuuliza binti yangu yuko wapi, anasema Suva. Hakukuleta, anasema asingekuleta mpaka nikubali." Mzee akakohoa. "Na wewe, miaka yote hii hujui njia?"

"Nilikuwa naogopa, baba. Nilikuwa nangoja Desemba. Wakati wa fara usingeweza kunifukuza."



"Mgeni ndiye hungoja Desemba," mzee akasema. "Wewe una mlango wako. Njoo."

Ndege ya kwanza aliyopata nafasi ilimshusha Torika asubuhi ya jua kali. Fesaitu alikuwa pale na machungwa kifuani, amechanganyikiwa asijue ayaweke wapi. Torika alimkumbatia pamoja na machungwa yake, akamwambia sikioni kwamba siku nyingine afungue mdomo, na kwamba anampenda hivyo hivyo na ububu wake.

Kisha akamwona baba. Mzee Marseu alikuwa amevaa shati la kanisani, mkono mmoja chupa ya marashi, mwingine kopo la poda. Wanawake waliokuja kupokea mizigo wakacheka, wakasema mzee amepotelewa na kalenda, anafanya fara Julai. Hakuwajali. Alimpulizia binti yake shingo upande huu na upande huu, akampaka poda mashavuni juu ya machozi, mpaka uso wote ukawa mweupe kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Fesaitu naye akainamisha shingo, akingoja zamu yake.

Mzee akafunga kifuniko cha chupa.

"Wewe utangoja Desemba," akamwambia. "Mara ya mwisho nilipokupulizia, ulinichukulia mtoto. Safari hii uimbe kwanza, na uimbe vizuri."