Usimkate

Mtaani walimwita Bwana Sarufi, kwa kuwa hata ukimwambia nyumba yako inaungua, atakusahihisha kwanza ndipo atafute ndoo. Alipostaafu ualimu alijitosa kukusanya vimondo, vipande vya sayari ndogo vilivyodondoka kutoka angani. Kabatini alikuwa navyo kumi na tisa, kila kimoja na lebo yake, na kando yake sumaku ya kupimia kama jiwe lina chuma.

Jiwe la ishirini alipewa na bibi mmoja mjane, aliyelificha miaka arobaini ndani ya sanduku la chuma. Bibi alimshika mkono, akamnong'oneza: "Mchukue, mwanangu. Ila usimkate."

"Jiwe ni 'usilikate', mama," akamsahihisha huku akicheka. Bibi hakucheka.

Kesho yake akalifunga kwenye msumeno wa umeme, maana bila kulikata huioni michirizi ya chuma iliyomo ndani. Maji ya kupozea yalitoa harufu ya nywele zilizoungua. Akajiambia labda ni mota. Kipande alichokata, kinene kama mche wa sabuni, akakituma ng'ambo kwa mkusanyaji mwenzake.

Siku chache baadaye, wakinywa chai, binti yake wa pekee alimuuliza ni nani anayechechemea karakanani. Baba akatega sikio. Kishindo kimoja, kisha kitu kinaburutwa. Kishindo, kinaburutwa. Karakana ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Wiki ile ile binti naye akaanza kuchechemea. Mguu wake wa kushoto ukawa wa baridi, na daktari hakuona kitu.

Mganga alikuja mchana kweupe, akaishia kizingitini, akanusa. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kimondo ni silaha ya malaika ya kumpigia jini, na hiki kilimwingia jini mwilini wakaanguka pamoja, nyama na jiwe vikawa kitu kimoja, na pale msumeno ulipopita ulipita kwenye mguu wake. "Anautaka mguu wake," alisema. "Kirudishe kile kipande nimuunge, ataondoka."

Bwana Sarufi akapiga simu ng'ambo. Mwenzake alikuwa amekwisha kukisaga kwa ajili ya vipimo. Mganga aliposikia hayo alifunga mkoba wake akaenda zake.

Baba alikimbilia chumbani kwa mwanawe, na harufu ya nywele zilizoungua ikampokea ukumbini, ikazidi kadiri alivyoukaribia mlango, na huko karakanani msumeno ukawaka wenyewe, na ndani akamkuta binti amekaa wima kitandani, mguu umekuwa mweusi hadi gotini, na ile sumaku yake ya kupimia mawe, ambayo hakumbuki kuileta humo, imeng'ang'ania kwenye muundi wa mtoto.

Akapiga magoti. "Nichukue mimi. Mtoto hana kosa. Nakuomba, usimkate."

Binti alimtazama kwa upole, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito.

"Jiwe ni 'usilikate', baba."