Mguu wa Bibi wa Dirishani

Mama Pacha alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, akawageuza kitandani ili wasipate vidonda, akawalisha supu kwa kijiko kidogo. Mikono yake ilikuwa na huruma, na wazee walimpenda. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomtia kiwewe kila siku. Jambo hilo ni kuongea na muuguzi wa zamu.

Wazee na wauguzi wa pale walizungumza Kihispania. Mama Pacha alikuwa bado mgeni wa lugha hiyo. Majina ya vitu aliyajua: mguu, mkono, kitanda, shuka. Ila maneno ya kuvielezea vitu hivyo, yaani vivumishi, yalimpiga chenga. Leo alisikia neno likiishia na o. Kesho neno lile lile likaishia na a. Wiki yake ya kwanza alijaribu kusema kwamba shuka ni safi, akakosea mwisho wa neno. Wenzake wawili wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini jamani, alitamani ardhi ipasuke immeze!

Tangu hapo akang'ang'ania maneno mawili tu. Muuguzi akimuuliza habari za wazee mlangoni wakati wa kutoka, yeye alijibu, "Todo bien." Maana yake, kila kitu kiko sawa. Maneno hayo hayakuchekwa na mtu.

Jioni moja alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti. Mumewe alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Mama Pacha, mbona kimya? Una nini?"

"Baba Pacha, nimefanya jambo baya."

Mumewe akaweka kisu chini.

"Kuna bibi mmoja, kitanda chake kiko dirishani. Leo nimemvua soksi. Mguu wa kushoto umevimba. Mwekundu, na unachoma kwa joto. Jana haukuwa hivyo."

"Muuguzi amesemaje?"

Mama Pacha akajifunika uso. "Hajasema kitu. Nimemwambia kila kitu kiko sawa."

"Loo! Mama Pacha!"

"Nilifungua mdomo, maneno yakagoma! Niliogopa nitakosea, nitachekwa. Sasa je, bibi wa watu akifa? Akifa kwa sababu yangu?"

Mumewe akapiga simu kule kazini. Ikaita, ikaita, hakuna aliyepokea. Akapiga tena. Kimya. Basi akatoka mbio na aproni yake kiunoni, akagonga mlango wa jirani. Jirani huyo alikuwa mkalimani wa Kihispania mahakamani, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Alisikiliza mara moja tu.

"Mguu mmoja umevimba ghafla? Huenda damu imeganda ndani," alisema. "Hilo si la kungoja asubuhi. Mama Pacha, simama. Twende."

"Utanisemea, dada?"

"Nitakusemea. Lakini wewe ndiye uliyeuona mguu. Wakinizuia, utasema mwenyewe. Kwa hiyo tutajifunza njiani."

Wakatoka kwa miguu, maana si mbali. Mama Pacha alikuwa roho juu. Kila gari la wagonjwa lilipolia mtaani, alishtuka na kusema, "Ni yeye! Wanamchukua yeye!"

"Nitazame mimi," alisema mkalimani. "Kwa Kiswahili, utasemaje mguu wa rangi ya damu?"

"Mguu mwekundu."

"Ikiwa miwili?"

"Miguu myekundu."

"Na jicho?"

"Jicho jekundu. Dada, tunachelewa!"

"Miguu inatembea, mdomo unasoma. Umeona ulivyofanya? Kwanza umetaja kitu, halafu sifa yake. Na sifa umeibadilisha ili ifuate kitu: mwekundu, myekundu, jekundu. Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Ndivyo tunavyosema."

"Basi Kihispania nacho ni hivyo. Kitu kwanza, sifa baadaye, na sifa inafuata kitu. Tofauti ni moja. Sisi tunabadilisha kichwa cha neno, wao wanabadilisha mkia. Sisi tuna ngeli nyingi, wao wana makundi mawili tu, la kiume na la kike. Mguu wanauita 'pierna', na uko kundi la kike."

Mama Pacha, pamoja na hofu yote, aliuliza, "Hata mguu wa mwanamume?"

"Hata wa Baba Pacha, na vinyweleo vyake vyote."

Mama Pacha akacheka kidogo, kisha akalia tena.

"Mkono ni 'brazo', kundi la kiume," mkalimani aliendelea. "Mkono uliovimba ni 'brazo hinchado'. Hiyo h haitamkwi. Sasa mguu uliovimba?"

"Pierna... hinchado."

"Mkia!"

"Hinchada. Pierna hinchada."

"Umepata. Ikiwa mingi, ongeza s: 'piernas hinchadas'. Rangi nyekundu ni 'rojo', na hiyo j isome kama kh. Kwa mguu?"

"Roja."

"Safi. Kitu cha moto ni 'caliente'. Hilo linaishia na e, nalo halijali kike wala kiume. 'Brazo caliente, pierna caliente.' Liache lilivyo."

"Lakini asubuhi tunasema 'buenos días', siku njema. Hapo sifa imetangulia."

"Ndiyo, yapo machache yanayotangulia. Hayo tutayasoma siku nyingine. Leo tubebe haya matatu. Na sikia, ndugu yangu. Ukikosea mkia, watakuelewa. Ukinyamaza, hawataelewa kitu."

Walifika getini. Mlinzi akamruhusu Mama Pacha, kwa kuwa alimjua. Mkalimani akazuiwa. Saa za wageni zilikuwa zimekwisha, na maelezo yake yote hayakumtikisa mlinzi.

"Dada, nitafanyaje?" Mama Pacha alimshika mkono.

"Nenda. Hinchada, roja, caliente. Kimbia!"

Ukumbi ulikuwa mrefu, unanuka dawa ya kusafishia sakafu. Muuguzi wa zamu alikuwa anapanga vidonge kwenye trei. Alipomwona Mama Pacha na koti lake, alishangaa. Akamuuliza kama amesahau kitu.

Mama Pacha akafungua mdomo. Akafikiria kugeuka aende zake. Kisha akamkumbuka yule bibi akitazama nje dirishani huku akivuliwa soksi, bila kulalamika.

"La señora de la ventana," alisema kwa sauti ya kukwaruza. Bibi wa dirishani. "La pierna izquierda. Hinchada. Rojo... no. Caliente. Muy caliente." Mguu wa kushoto, umevimba, wa moto sana.

Alijua amekosea mkia wa 'roja'. Alisubiri kicheko. Lakini muuguzi alikuwa ameshaacha trei, anakimbia.

Waliinua shuka pamoja. Mguu ulikuwa umevimba zaidi kuliko mchana. Muuguzi akaita daktari, na haukupita muda bibi akabebwa kwenda hospitali. Mama Pacha alisimama ukutani.

Muuguzi akamgeukia. Akauliza ameuona lini.

"Mchana," Mama Pacha alijibu. Angeweza kukwepa, lakini hakukwepa.

Muuguzi alikasirika, akafoka, na alikuwa na haki. Halafu akauliza kwa nini hakusema. Mama Pacha alitafuta neno, akalipata. "Miedo." Hofu.

Muuguzi akasema, polepole ili aeleweke, kwamba kuanzia kesho hawatapeana habari mlangoni. Watapita pamoja kila kitanda, na Mama Pacha atasema anachokiona, hata kwa kukosea.

Na kweli wakafanya hivyo. Mwanzoni Mama Pacha aliogopa kila kitanda. Nyumbani alijizoeza na mkalimani wakikunja nguo: 'camisa blanca', shati jeupe, 'camisas blancas', mashati meupe. Siku zikapita, wakagundua kidonda mapema kwa mzee mmoja, na homa kwa mwingine. Hofu haikuisha yote, lakini haikumfunga mdomo tena.

Damu ilikuwa imeganda kweli. Bibi wa dirishani alitibiwa, akarudi akiwa amekonda. Mama Pacha alimchana nywele. Bibi akataka kujua anaonekanaje, na hapakuwa na kioo karibu.

"Flaca," alisema Mama Pacha. Umekonda.

Bibi akakunja uso. Kingine?

"Cansada." Umechoka.

"¿Y qué más?" Na nini tena?

Mama Pacha aliushika ule mguu wa kushoto. Ulikuwa na joto la kawaida. Machozi yakamlenga.

"Viva," alisema, na mkia wa neno akautamka wazi. U hai.