Viatu Vyekundu kwenye Rafu ya Hekalu

"Bibi, usivue viatu. Tunaondoka."

Nilikuwa nimeshavua kimoja. Nikamtazama mjukuu wangu, nikadhani ni uchungu umeanza, maana mimba ilikuwa kubwa na asubuhi nzima alikuwa anashika kiuno.

"Unaumwa?"

"Tazama pale kwenye rafu."

Tulikuwa kwenye ukumbi wa mbele wa kituo cha wageni, kule hekaluni. Mimi ndiye niliyeomba twende. Miaka yote nimelipita jengo lile jeupe nikiwa ndani ya basi, nikataka niingie japo mara moja kabla macho hayajanikatalia. Mlangoni kila mgeni huvua viatu na kuviweka kwenye rafu, na simu humwachia dada wa mapokezi, anaiweka kwenye trei. Mjukuu wangu alishavua vyake, ndipo alipoona.

"Vile vya kahawia, Bibi. Ile kamba nyeusi niliitia mimi jana, ya kahawia ilikatika."

Nikasogea. Kweli vilikuwa vya mumewe, yule fundi magari. Hata doa la grisi lilikuwepo. Na ubavuni mwake, vimebanana navyo, palikuwa na viatu vyekundu vya kike.

"Na hivyo vyekundu navijua," akasema, sauti imemshuka. "Nilivikuta kabatini, chini ya ovaroli zake. Nikajua ni zawadi yangu ya siku ya kuzaliwa. Nikanyamaza, nikawa nacheka peke yangu jikoni. Siku ikafika, akanipa kitambaa cha kichwa."

"Labda..."

"Labda nini? Soma hapa."

Akanisogezea simu. Ujumbe ulikuwa wa asubuhi ile: "Nipo gereji mke wangu. Gari la mteja limegoma. Usiache kula."

Mimi macho yangu yaliganda kwenye "usiache kula". Mjukuu wangu akampigia mumewe.

Simu ikaita nyuma ya meza ya mapokezi, ndani ya trei.

Dada wa mapokezi akaiokota ainyamazishe. Akatazama kioo chake, akatutazama sisi.

"Samahani, dada, ni wewe unayepiga? Imeandikwa 'Roho Yangu'."

"Roho yake iko hapa. Yeye mwenyewe yuko na nani?"

"Habari za wageni siruhusiwi kuzisema."

"Ni mwanamke, sivyo? Wanakuja mara nyingi?"

Yule dada akainamisha macho. Akazunguka meza, akaleta kiti, kisha akaleta maji bila kuombwa. Mkono aliuweka begani kwa mjukuu wangu mpaka alipomaliza kunywa.

Mimi nikavishika vile vyekundu.

"Weka chini, Bibi! Usishike uchafu!"

Ngozi ilikuwa laini kama sikio la mtoto. Soli bapa. Mkanda umelegezwa mpaka tundu la mwisho.

"Mjukuu wangu, mwenye viatu hivi miguu inamvimba."

"Basi naye ana mimba!"

Nikajuta kufungua mdomo. Akanigeukia.

"Kile kitanda kidogo bado kipo kwako?"

"Kipo."

"Nitazalia kwako. Nyumba ile sirudi."

Mlango wa ndani ukafunguliwa.

Mumewe alikuja kinyumenyume, taratibu, ameshika mikono miwili ya mwanamke mzee, mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani.

"Polepole. Hapo kuna kizingiti."

Hakutuona. Akamkalisha kwenye benchi, akachukua vile vyekundu mahali nilipoviacha, akapiga goti, akamvisha cha kwanza.

"Kinabana?"

"Leo hakibani."

Mjukuu wangu akasimama. "Huyu ni nani?"

Yule kijana akageuka. Kiatu cha pili kikamponyoka.

"Mke wangu..."

"Nimeuliza, huyu ni nani?"

"Mimi ni mama yake," akasema yule mzee.

"Mama yake alikufa."

Hata mimi nilijua hivyo. Tulimwozesha kama yatima. Upande wake hakuja mtu, na nilimkumbatia siku ile nikampa pole.

"Nilimwambia akioa nje ya imani yetu, anihesabu nimekufa," yule mzee akasema. "Ni mtoto mtiifu. Akanihesabu."

"Halafu ukafufuka lini?"

"Mvua zilipoanza. Miguu ilinikatalia, nikaogopa, nikampigia. Nyumbani kwangu sikutaka majirani wamwone, na mle hekaluni asiye wa imani haingii. Hapa kwa wageni kila mtu anaingia. Nikamkataza asikuambie. Niliona aibu."

"Na wewe?" akamgeukia mumewe. "Huna mdomo?"

"Ningeanzia wapi? Ningekuambiaje marehemu anataka viatu?"

Dada wa mapokezi akakohoa, akajifanya anapanga trei. Mjukuu wangu hakucheka.

"Ulilia mbele yangu nikakufuta machozi. Tukakubaliana mtoto huyu akiwa wa kike apewe jina la marehemu mama yako. Kumbe marehemu yupo, anakunywa chai!"

Yule mzee akainua uso. "Jina langu?"

"Ndiyo, jina lako."

"Na wewe ulikubali?"

"Mimi ndiye niliyelitaka. Nilikuonea huruma, kwamba umekufa hujamwona mkweo."

Yule mzee akashika ncha ya kitambaa chake, akajifuta jicho moja, kisha la pili.

"Na mimi muda wote huo," akasema, "nimekaa nimekufa bure."

Mjukuu wangu akachukua viatu vyake kwenye rafu.

"Twende, Bibi."

Akavitupa sakafuni, akajaribu kuinama. Tumbo likakataa. Akajaribu kwa ubavu, likakataa tena. Nikataka kumsaidia, lakini mimi mwenyewe nikiinama, kuinuka ni kesi nyingine. Mumewe akasogea.

"Usiniguse!"

Akasimama palepale, mikono inaning'inia. Yule mzee, ana kiatu kimoja mguuni, akamsukuma bega kidogo.

"Mimi niache. Kamfunge mkeo."

Yule kijana akapiga goti mbele ya mkewe. Akashika kiatu, akakaa nacho, hakumgusa.

"Sijakusamehe," mjukuu wangu akasema.

"Najua."

"Na hilo gari lililogoma..."

"Halikugoma."

"Najua halikugoma! Unaniona mjinga?"

"Hapana."

"Kama kuna marehemu mwingine, mtaje sasa hivi."

"Hakuna. Naapa, waliobaki wamekufa kweli."

Mjukuu wangu akageuza uso kwa mkwewe. Alimtazama muda mrefu. Mguu mmoja una kiatu chekundu, wa pili mtupu, umevimba mpaka kifundo hakionekani.

"Mama," akamwita. "Nyumbani unaishi na nani?"

"Peke yangu."

Kisha nikaona mguu wa mjukuu wangu unasogea mbele, taratibu, mpaka kwenye mikono ya mumewe.

"Usikaze sana," akamwambia. "Yangu nayo imevimba. Ukimaliza, mvishe mama kile cha pili. Anakwenda nasi."

Mimi nilikuwa bado nimesimama, kiatu changu kimoja mkononi.

"Basi ukimaliza na hao, mume wangu," nikasema, "mkeo mkubwa naye anasubiri zamu yake."