Tovuti Nzito ya Askalech na Bintiye

Kule Shiro Meda, Addis Ababa, watu wanaamka na kufuma. Kwa Maja na mkewe Askalech ni hivyohivyo. Maja anafuma kitambaa cheupe. Askalech anatarizi pindo. Binti yao Zeritu anazipiga nguo picha, anaziweka kwenye tovuti yao, na watu wa mbali wananunua.

Zamani walinunua kweli. Mwaka huu, wapi! Maja alishasema, "Sikukuu hii ya Timket tusipouza, mtambo wa kufumia naweka chini. Naenda kulinda geti la mtu." Mtu aliyefuma tangu ana miaka saba! Zeritu hakutaka hata kulisikia neno hilo.

Siku moja asubuhi simu ikalia. Alikuwa Bi Yeshimebet, mwenyekiti wa chama cha akina mama huko Debre Tabor.

"Binti, duka lenu limekufa au linaumwa?"

"Kwa nini, etiye?" Zeritu akauliza, akimwita kwa heshima kama dada mkubwa.

"Nalifungua, linazunguka tu. Nikachemsha kahawa. Nikanywa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Picha ya nguo ndiyo kwanza imefika shingoni! Wenzangu wananicheka."

"Samahani sana, etiye."

"Samahani haivaliki. Tuko thelathini na wawili, tunataka nguo za Timket. Kesho jioni tunakutana kuchagua. Likigoma tena, tunakwenda kwingine."

Akakata.

Zeritu akatoka mbio mpaka kwa Fikirte, jirani wa ukuta mmoja. Kazi ya Fikirte ni kutunza seva, yaani zile kompyuta zinazowaka kutwa kucha zikiwa zimebeba tovuti za watu. Fikirte akaja, akakaa, akafungua tovuti huku anahesabu.

"Sekunde ishirini na tatu! We Zeritu, hapo mtu kaolewa na kuachika."

"Si intaneti yao ndiyo mbovu?"

"Ni dhaifu, ndiyo. Lakini na nyinyi mnaitwisha gunia. Sikiliza. Kila mtu akifungua ukurasa, seva yenu inaanza upya. Inatafuta majina ya nguo, inatafuta bei, inatafuta vipimo, inaunganisha, ndipo inatuma. Akija wa pili, inaanza tena moja. Na ukurasa ni uleule!"

"Sasa nifanye nini?"

"Iambie seva iutunze ukurasa uliokwisha kutengenezwa. Anayekuja anapewa huo, papo hapo. Hiyo ndiyo akiba ya kurasa."

Askalech akatupa sindano. "Haiwezekani! Mgeni wangu hapewi kiporo. Hata kwenye simu."

Fikirte akacheka mpaka akashika mbavu. Akanyoosha kidole kwenye mesob, lile kapu lao la kuwekea injera, mkate wao mwembamba. "Mama, injera iliyomo humo umeipika lini?"

"Jana."

"Nikileta wenzangu kumi sasa hivi, utampikia kila mmoja yake?"

"Nina wazimu? Natoa humo."

"Basi ni kiporo."

"Kiporo mwenyewe! Ya jana ndiyo tamu."

"Na ya wiki mbili?"

"Hiyo ina ukungu. Natupa."

"Umeona? Ukurasa nao unapewa muda. Huu wenu tuupe saa moja, kisha seva itengeneze mwingine. Na mkibadilisha bei, mnafuta akiba palepale. Msisubiri saa ifike."

Askalech akaokota sindano yake. "Si ungesema hivyo toka mwanzo."

Kwanza wakahifadhi nakala ya mipangilio ya zamani, ili wakiharibu waweze kurudi. Lakini haraka zikamshika Zeritu. Akawasha akiba kwa kurasa zote, zote kabisa. Akaweka nguo mbili kwenye kikapu cha manunuzi, kujaribu tu. Mama yake naye akafungua kwa simu yake.

"Zeritu, mbona kikapu changu kina nguo mbili? Mimi sijagusa kitu."

Fikirte akapiga makofi. "Haya, umejifunza bila ada! Kikapu, malipo na akaunti ya mteja haviwekwi akiba hata siku moja. Hayo ni matonge, kila tonge na mdomo wake."

Zeritu akashika kichwa. "Kwa hiyo mteja angeona jina na anwani ya mwenzake?"

"Angeona. Toa haraka!"

Akazitoa kurasa hizo, akafuta akiba, wakajaribu tena. Kikapu cha mama kikawa kitupu.

"Sasa tubane," Fikirte akasema. "Maandishi ya ukurasa yamejaa vitu vinavyojirudia. Seva ikiyabana kabla ya kutuma, mzigo unapungua sana. Simu inayakunjua yenyewe. Ni kama kusukuma gabi, lile shuka zito la kujifunika, ndani ya mfuko mpaka hewa itoke. Ukilitoa, gabi ni lilelile."

"Na picha?"

"Picha zimeshabanwa. Kuzibana hivyo tena ni kazi bure. Wewe zipunguze ukubwa kabla ya kuzipakia. Hii inatosha ukuta wa kanisa, na simu ni kiganja! Halafu seva iiambie simu ya mteja izitunze mwezi mzima, isizivute upya kila akifungua."

Zeritu alipunguza picha mchana kutwa, mpaka vidole vikamuuma. Kisha wakajaribu kwa simu ya mama, ile ya bei rahisi, kwenye kona ya nyumba ambako mtandao unasuasua.

"Moja," Fikirte akahesabu. "Mbili. Ta..."

Nguo ikatokea nzima, kuanzia shingo mpaka pindo. Askalech akapiga kigelegele, mbuzi wa jirani akakata kamba.

Kesho yake jioni simu ikalia. Zeritu akaipokea. Nyuma kulikuwa na kelele, wanawake wanabishana.

"Binti, umetuletea balaa!"

"Limegoma tena, etiye?"

"Ligome wapi! Linafunguka kabla sijapepesa jicho. Sasa kila mmoja anataka kuona zote. Kuna mmoja kabadilisha rangi mara saba. Mara saba! Nimepiga meza, tumeamua: pindo la kijani. Nguo thelathini na mbili."

Maja akasimama. Askalech akaziba mdomo kwa mikono miwili. Zeritu akavuta karatasi na kalamu.

"Tuanze na wewe, etiye. Mabega?"

"Mapana," Bi Yeshimebet akasema. "Andika mapana sana. Mwaka huu ngoma ya mabega nacheza mstari wa mbele."