Jukwaa la Cherehani na Ovaloki Yangu

Mume wangu ni fundi wa kutengeneza cherehani. Mimi ni mshonaji. Karakana yetu ni chumba kimoja chenye mlango mpana. Meza yake iko mlangoni, ili wateja wamwone. Meza yangu iko dirishani, ili nione uzi. Kati yetu kuna hatua mbili tu. Zikumbuke hizo hatua mbili, maana zilinitia hasira baadaye.

Mwaka juzi alifungua jukwaa mtandaoni. Jukwaa ni mahali pa mazungumzo. Mtu anaingia kwa simu au kompyuta, anauliza swali, na wengine wanamjibu. Maswali na majibu hayapotei. Yanabaki palepale, na mwingine akija mwakani anayasoma. Jukwaa la mume wangu lilikuwa la mafundi na washonaji. "Cherehani yangu inakata uzi." "Yangu inapiga kelele." Mambo kama hayo.

Wazo lilikuwa zuri. Shida ni kwamba alisikia majukwaa yanatajirisha watu. Alisikia kwa kinyozi wake, ambaye hana jukwaa.

Basi bisibisi akaiweka chini. Asubuhi anafungua kompyuta, jioni anaifunga. Mteja akileta mashine anaambiwa, "Iweke hapo, ngoja nimjibu huyu kwanza." Mashine zikapanga foleni ukutani kama wagonjwa. Wateja wengine wakachoka, wakaenda kwa fundi mwingine.

"Pesa inaingiaje?" nilimwuliza.

"Matangazo, mke wangu. Kuna kampuni inaweka picha kwenye jukwaa. Mtu akibonyeza picha, sisi tunalipwa."

Picha zenyewe zilikuwa za dawa ya kuotesha nywele. Mshonaji wa watu anatafuta habari za sindano, anakutana na kipara.

Kwa miezi mitatu zikaingia senti za kununulia kiberiti. Mume wangu akaitisha kikao cha familia, yaani mimi na mama yake.

"Kuanzia kesho," akasema, "kila mtu abonyeze matangazo ishirini kila asubuhi."

Mimi nilikataa. Mama mkwe hakukataa. Yeye ni mtu wa bidii. Akavaa miwani, akaketi na simu, akabonyeza kila kilichobonyezeka. Mwisho wa wiki alikuwa amejiandikisha katika kozi ya kuendesha meli. Alikuwa pia ameagiza dawa ya kipara, na nywele anazo mpaka mgongoni.

"Mwanangu," akasema, "hawa watu wa meli wananipigia simu. Wanataka kujua naanza lini."

Wiki iliyofuata ile kampuni ya matangazo ikamwandikia mume wangu. Ilikuwa imegundua kwamba wabonyezaji wanatoka nyumba moja. Kubonyeza matangazo yako mwenyewe ni udanganyifu, na mkataba unakataza. Akaunti ikafungwa. Hata zile senti za kiberiti zilizobaki hakulipwa.

Sasa, jukwaa lina gharama. Jina lake hulipiwa kila mwaka. Kampuni inayolihifadhi mtandaoni nayo hulipwa. Siku ya kulipa ilikuwa imekaribia, na mfuko ulikuwa mtupu. Mume wangu akazungusha macho karakana nzima. Macho yakatua kwenye ovaloki yangu.

Ovaloki ni mashine inayofunga kingo za nguo zisifumuke. Mimi nashona sare za shule. Bila ovaloki, hakuna shule itakayonipa kazi, na wakati huo nilikuwa na oda ya sketi arobaini.

"Ile mashine mbovu," akasema kwa sauti ya chini. "Jumamosi kuna mtu anakuja kuiona."

"Ni mbovu kwa sababu hujaitengeneza! Wiki ya tatu hii inaruka mishono. Kila siku unaniambia kesho."

"Jukwaa likilipa nitakununulia tatu."

Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumrushia mkasi. Badala yake nikachukua simu, nikajiunga na jukwaa lake. Nikajiita Pindo Bovu. Nikaandika: "Ovaloki yangu inaruka mishono. Fundi wangu ananizungusha wiki ya tatu. Nisaidieni."

Jibu lilikuja baada ya dakika tisa. Nilimwona akiliandika. Alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, na alikuwa anatabasamu.

"Karibu sana, ndugu Pindo Bovu," aliandika. "Pole kwa usumbufu. Hapa uko nyumbani."

Kisha akaeleza. Zima mashine, chomoa waya wa umeme. Badilisha sindano kwanza, maana sindano inaweza kupinda na jicho lisione. Sindano mpya isukume juu mpaka igote, ndipo ukaze skrubu. Kisha toa nyuzi zote na uzipitishe upya, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake. Akachora hata picha yenye mishale. Mwisho akaandika: "Na huyo fundi wako mwambie aache uvivu. Wiki tatu ni aibu."

Nilisoma mara mbili. Nilijivunia mume wangu, kwa sababu hakuna anayeeleza kazi vizuri kama yeye. Halafu hasira yangu ikarudi yote.

Alipotoka kwenda kunywa chai, nikafuata maelekezo yake. Sindano ilikuwa imepinda kweli.

Jumamosi mnunuzi akaja. Mteja wangu mmoja pia alikuwepo, amesimama katikati ya chumba kwa ajili ya kupimwa gauni, pini kila mahali. Huyu tunamwita Mama Vifaranga. Anafuga kuku, na ana jukwaa la wafugaji, mwaka wa tisa sasa.

"Sikufichi," mume wangu akamwambia mnunuzi. "Mashine ina kasoro. Inaruka mishono."

Nikachukua kitambaa, nikakanyaga. Ovaloki ikashona mwanzo mpaka mwisho, hakuna mshono hata mmoja ulioruka.

Mume wangu akatoa macho. "Nani ameitengeneza?"

"Mtaalamu mmoja wa jukwaani," nikasema. Nikafungua simu, nikamsomea jibu lake mwenyewe. Nilipofika kwenye "hapa uko nyumbani" akainamisha kichwa. Nilipofika kwenye "aache uvivu" akakaa chini.

"Pindo Bovu ni wewe?"

"Ni mimi. Na yule fundi wangu, nimeshamwambia."

Mama Vifaranga alicheka mpaka pini zikamchoma. Mnunuzi akaona hapa hapana biashara, akaaga.

"Fundi," Mama Vifaranga akasema akijifuta machozi, "una wanachama wangapi?"

"Mia nne na kumi, mama." Kifua mbele.

"Wanaorudi kila wiki?"

"Kama sitini."

"Na kati ya hao sitini, wewe ni wangapi?"

Mume wangu akakohoa. "Watano."

Kumbe alijipa majina matano ili jukwaa lichangamke! Wawili kati yao walikuwa wamegombana na hawakuwa wakisemezana.

"Sikiliza," Mama Vifaranga akasema. "Jukwaa linaweza kuleta faida. Langu linaleta. Lakini miaka miwili ya kwanza nililipia kutoka mfukoni mwangu, na kuku sikuwaacha hata siku moja. Matangazo ya kubonyezwa yanataka wasomaji maelfu kwa maelfu. Sisi wadogo tunapata makombo. Mwaka wa tatu muuza chakula cha kuku akanifuata mwenyewe. Unajua kwa nini? Kila anayesoma kwangu ana kuku. Analipa kila mwezi kwa tangazo moja tu, na wafugaji wangu linawasaidia."

"Basi nitafute muuza vipuri vya cherehani!" Mume wangu alikuwa ameshasimama.

"Ngoja kwanza. Nani atatangaza kwenye takataka? Vile vipara nilivyoviona visirudi. Ondoa na wewe wanne, abaki mmoja. Halafu lile jibu ulilomwandikia mkeo, hiyo ndiyo mali yako. Mtu akisoma jibu kama lile, siku akikwama kabisa ataleta mashine kwako. Nusu ya vifaranga vyangu vinanunuliwa na watu walionijua jukwaani. Lakini wakija, wanakuta vifaranga. Wakija kwako leo watakuta nini?"

Sote tukageuka tukaitazama ile foleni ya mashine ukutani. Mume wangu akaenda kutafuta bisibisi, na aliitafuta kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo anatengeneza mashine mpaka saa nane. Kisha anajibu maswali kwa saa moja, hazidishi. Wale wanne wa bandia aliwafuta. Mmoja, kabla ya kufutwa, aliandika salamu ndefu za kuaga, tukaziacha zisomwe. Ada ya mwaka aliilipa kwa pesa ya kutengeneza zile mashine zilizokuwa ukutani. Muuza vipuri wa kwanza alikuja baada ya miezi kumi, naye analipa kidogo kila mwezi. Sasa jukwaa linajilipia gharama zake. Tajiri hatujawa. Lakini kila wiki mtu mmoja au wawili wanafika mlangoni na mashine kwapani, wanasema, "Nilisoma jibu lako." Hiyo ndiyo faida yetu kubwa.

Mama mkwe hakupoteza pia. Watu wa meli bado wanampigia, na siku hizi wanamsalimia kwanza.

Wiki iliyopita ovaloki yangu ilianza tena kuruka mishono. Nikachukua simu nimwandikie jukwaani, kama nilivyozoea. Sijafika hata kwenye neno la tatu, nikasikia kiti kinasogea. Mume wangu alikuwa ameusikia mshono kwa masikio yake, akaja hatua zile mbili, bisibisi mkononi.